MWIZI WA MTUMBWI HAISHI BILA MNUNUZI

Na Mwandishi Wetu, Karagwe

Mkulima akiibiwa jembe hulala na hasira, lakini kesho yake huazima la jirani, na shamba lake hulikuta pale pale alipoliacha. Mvuvi akiibiwa mtumbwi amenyang'anywa jembe na shamba kwa wakati mmoja. Samaki hawamfuati mtu mlangoni, na asiye na chombo hana njia ya kuwafuata waliko. Kwa sababu hiyo wizi wa mtumbwi, wa injini au wa nyavu hauwezi kuhesabiwa pamoja na udokozi wa kuku na nguo za kwenye kamba. Ni hujuma dhidi ya riziki ya kaya nzima.

Leo safu hii inataka kulieleza jambo ambalo wananchi wa mialoni na wa visiwani huliuliza kwa uchungu: inakuwaje mtu akamatwe asubuhi akiwa na chombo cha wizi, na kabla ya mwaka kwisha aonekane akitembea huru katika mwalo ule ule alioiba? Jibu letu ni kwamba tumezoea kumtafuta mwizi majini, hali anayemweka hai mwizi huyo yuko nchi kavu. Tena, hata tunapomkamata, mara nyingi kesi tunaipoteza sisi wenyewe katika saa chache za mwanzo, kwa kutojua sheria inadai nini.

MTO NA ZIWA NI JAMBO MOJA

Huenda ndugu zetu wa Bumbire, Goziba, Kerebe, Ikuza na Mazinga wakashangaa kuona kwamba watu wa Karagwe na Kyerwa, wilaya za milima na migomba, nao wana neno la kusema juu ya vyombo vya majini. Mto Kagera ndio unaotuunganisha. Baada ya maporomoko ya Rusumo, mto huo huelekea kaskazini ukiwa mpaka wa Tanzania na Rwanda, ukipita pembeni mwa Karagwe na Kyerwa. Kisha hupinda mashariki na kuwa mpaka wetu na Uganda, ukapita Murongo, ambayo ng'ambo yake ni Kikagati. Halafu huingia Missenyi, hupita Kyaka, na mwisho humwaga maji yake katika Ziwa Victoria ndani ya ardhi ya Uganda. Hakuna mto mwingine unaoingiza maji mengi katika ziwa hilo kuliko huu.

Wilaya hizi mbili zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe. Kandokando ya mto, mtumbwi wa gogo, ambao Wanyambo huuita obwato, ndio daraja la mnyonge. Hubeba ndizi na maharage, hubeba mgonjwa, hubeba watu waendao harusini na msibani, kwa kuwa mipaka iliyochorwa na wakoloni haikuweza kukata koo wala undugu. Lakini mtumbwi huo huo ndio unaotamaniwa na mlanguzi wa magendo, na hasa magendo ya kahawa. Mlanguzi mwenye akili hapendi kutumia chombo chake mwenyewe. Chombo cha wizi kikikamatwa na mizigo hakina jina la mtu wa kuulizwa, na hasara humwangukia mwenye mtumbwi ambaye hata hakuonja faida.

Hivyo, mtu anayekata kamba ya mtumbwi mtoni Kagera na mtu anayefungua injini usiku kisiwani Goziba ni watu wa kazi moja. Wote wawili wanahitaji mambo matatu: mpaka ulio karibu, mnunuzi mwenye fedha taslimu asiyeuliza maswali, na shahidi atakayenyamaza. Tukiyaondoa hayo matatu, wizi huo utakufa wenyewe.

KISA CHA KIVUKO KIMOJA

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katibu wa tawi katika kijiji kimoja cha Kyerwa kilichopakana na mto, mzee mmoja mvushaji aliamka alfajiri akakuta kamba imekatwa na mtumbwi wake haupo. Mtumbwi huo aliuchonga kwa mikono yake. Upande wa kushoto karibu na tezi ulikuwa na ufa, naye aliuziba ufa huo kwa kipande cha bati na misumari saba.

Siku ya sita kijana wa ukoo wake aliuona mtumbwi ndani ya mafunjo, chini kidogo ya kijiji. Ulikuwa umepakwa oili chafu ili ubadilike rangi, na ndani yake walikuwamo vijana wawili na magunia ya kahawa ya maganda. Habari zilienea kama moto wa kiangazi. Nilipofika pamoja na mwenyekiti wa kijiji na mgambo wawili, tuliwakuta vijana wetu wamekwisha kuwafunga kamba watuhumiwa wale, na mmoja ameshika dumu la petroli. Tulisimama kati yao kwa muda ambao sitausahau, hata tukafanikiwa kuwapeleka watuhumiwa kituoni wakiwa hai.

Usiku ule tulijiona tumeshinda. Kwa kumwonea huruma mzee, mtumbwi alirudishiwa jioni ile ile, maana watoto wake walikuwa wakila kwa mtumbwi huo. Hapana aliyeandika hati. Hapana aliyemwomba mzee ataje alama za chombo chake kabla ya kukitazama, wala aliyelipima lile bati au kuihesabu ile misumari saba. Mwenye kahawa, ambaye vijana wale walimtaja mbele yetu sote, hakuguswa. Alikuwa mfanyabiashara anayejulikana, mwenye mizani na ghala, na mtu wa kwanza kutoa mchango kila penye sherehe.

Kesi ilipoitwa, mzee alitembea kwenda mahakamani mara tatu, na mara tatu ikaahirishwa. Kijana aliyeuona mtumbwi alikuwa amekwenda kufanya kibarua katika mashamba ya miwa Missenyi. Siku ya mwisho hakimu aliuliza maswali machache: kielelezo kiko wapi? Nani alitia sahihi wakati kilipokamatwa? Mlalamikaji alikitambua kwa alama gani, na alizitaja alama hizo wakati gani? Majibu hayakuwapo. Washtakiwa waliachiwa huru, na kwa mujibu wa sheria hakimu yule hakukosea.

Njiani tukirudi, mzee aliniuliza kama mahakama imesema kwamba mtumbwi haukuwa wake. Sikuwa na la kumjibu. Haukupita muda mrefu mtumbwi ule ukaibwa tena, na safari hii hakuja ofisini wala hakwenda kituoni. Makala haya ni jibu nililochelewa kumpa.

JINSI GENGE LINAVYOFANYA KAZI

Kisa kile kilinifundisha kwamba mwizi wa chombo si mtu mmoja. Yuko kwanza mpelelezi wa genge, naye mara nyingi ni mkazi wa mwalo: anajua nani amenunua injini mpya, nani analala chomboni na nani amesafiri. Yuko mwenye kuchukua, ambaye ndiye peke yake tunayemwita mwizi. Yuko fundi anayebadilisha rangi, anayefuta namba ya injini au kuifungua injini nzima ikawa vipuri. Yuko mchukuzi anayevusha mzigo mpaka wilaya ya pili au nchi ya pili. Na yuko mnunuzi, anayekaa dukani au nyumbani, ambaye mkono wake haujawahi kulowa maji ya ziwa.

Kati ya hao watano, anayejiweka hatarini ni mmoja, na faida kubwa huenda kwa yule asiye hatarini kabisa. Tukimfunga mchukuaji peke yake, mnunuzi ataajiri mwingine kabla ya wiki mbili. Vijana wasio na kazi hawakosekani, na bei anayowapa ni sehemu ndogo tu ya thamani ya mali. Huu ni unyonyaji wa pande mbili, kwa sababu mnunuzi anamnyonya mvuvi aliyeibiwa, na anamnyonya pia yule maskini anayemtuma kuiba.

Hasara yake haimpati mwenye chombo peke yake. Chombo kimoja cha dagaa kina mabaharia wake, kina akina mama wanaoanika dagaa juu ya mawe na vichanja, kina wapagazi wa mwaloni na mama lishe anayewakopesha chakula akingoja warudi alfajiri. Kisiwani, chombo hicho hicho ndicho gari la wagonjwa usiku mjamzito anaposhikwa na uchungu. Kwa mvuvi aliyekopa, wizi humwachia deni lisilo na mali. Mwaka 2024 Serikali ilitoa boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo wenye masharti nafuu kwa wavuvi wa Ziwa Victoria. Ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, mkopo wa boti bila ulinzi wa boti ni sawa na kumpa mtu ng'ombe na kuacha zizi bila mlango.

Katika chuo cha Kurani utotoni tulisomeshwa habari ya Nabii Musa na mja mwema aliyefuatana naye safarini. Walipanda jahazi la maskini wafanyao kazi baharini, na yule mja akalitoboa. Musa alistaajabu, hata baadaye akaelezwa kwamba mbele yao palikuwa na mfalme anayepora kila jahazi zima, na kwamba ila ile ndiyo iliyolinusuru. Nikiwa mtoto nilidhani mfalme wa namna hiyo alikwisha na zama zake. Leo namwona mvuvi mwenye uwezo wa kununua injini mpya akiendelea na mbovu, au akipiga kasia, kwa kuogopa macho ya watu wa mwaloni. Naye anakitoboa chombo chake ili kisalimike. Kwa hiyo magenge haya yanawaibia hata wale ambao hayajawafikia. Yanawaibia maendeleo yao.

SHERIA INADAI NINI

Wapo wanaosema sheria zetu ni laini mno. Maneno hayo si ya kweli. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani mwizi. Aliyetumia silaha kumnyang'anya mvuvi majini anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30. Mtu anayepokea au kukaa na mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, anaweza kufungwa hadi miaka 10. Naye aliyesaidia au kushawishi kosa litendeke huhesabiwa kuwa mkosaji pamoja na aliyetenda kwa mkono wake. Kwa hiyo mpelelezi wa mwaloni, fundi, mchukuzi na mnunuzi, wote sheria inao uwezo wa kuwafikia. Upungufu uko katika ushahidi tunaouleta mbele ya mahakama.

Tuanze na utambuzi. Mwaka 1980, mmoja tu baada ya kuundwa kwake, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliweka msingi ambao unafuatwa mpaka leo: ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho katika mazingira magumu ni ushahidi dhaifu, na mahakama haitautegemea mpaka iridhike kwamba hapana nafasi ya kukosea. Shahidi ataulizwa alikuwa umbali gani, alimtazama mshtakiwa kwa muda gani, palikuwa na mwanga wa namna gani na wenye nguvu kiasi gani, na kama alimfahamu mtu huyo kabla ya siku ile. Kwa mvuvi aliyevamiwa usiku wa manane, kusema tu kwamba taa zilikuwa zikiwaka hakutoshi. Aeleze taa ngapi, zilikuwa wapi na zilimulika uso wa nani. Tena, kama alimtambua mtu, amtaje kwa yule wa kwanza anayekutana naye nchi kavu, kwa maana mahakama humwamini zaidi shahidi aliyetaja jina mapema kuliko aliyelikumbuka baada ya mwezi.

La pili ni mali yenyewe. Mtu akikutwa na mali muda mfupi baada ya kuibwa, sheria inaruhusu achukuliwe kuwa ndiye mwizi au mpokeaji, asipotoa maelezo yanayoaminika. Lakini mahakama zetu zimerudia mara nyingi kwamba lazima mambo manne yathibitishwe: kwamba mali ilikutwa kwa mshtakiwa, kwamba bila shaka yoyote ni mali ya mlalamikaji, kwamba iliibwa karibuni, na kwamba ndiyo mali hasa iliyotajwa katika hati ya mashtaka. Kwa yule mzee wetu wa Kyerwa, la pili ndilo lililomwangusha. Misumari saba ilikuwapo pale pale ubavuni mwa mtumbwi, lakini haikuandikwa popote.

La tatu ni karatasi. Mali inapokamatwa, hutakiwa hati ya ukamataji yenye sahihi ya aliyekutwa nayo na ya mashahidi walioshuhudia. Toka hapo lazima ijulikane kielelezo kimepita mikononi mwa nani mpaka kufika mahakamani. Ni kweli kwamba mtumbwi hauwezi kufungiwa kabatini, na mvuvi hawezi kukaa mwaka mzima bila chombo akingoja hukumu. Hata hivyo, dawa yake si kukirudisha kimya kimya. Chombo kipigwe picha, alama zake ziandikwe, kisha mpelelezi na mwendesha mashtaka wapeleke maombi mahakamani ili kirudishwe kwa amri ya hakimu, nayo amri hiyo ihifadhiwe katika jalada.

HASIRA SI USHAHIDI

Tunajua kwamba wapo watakaosema haya yote ni marefu na kwamba petroli ni fupi. Hapana budi tuwajibu kwa uwazi, kwa sababu tuliona dumu lile kwa macho yetu.

Kumchoma mtuhumiwa ni kuua, na mwenye kuua ana kesi ya kujibu hata kama aliyekufa alikuwa mwizi kweli. Yapo pia mauti ya wasio na hatia, ambao kosa lao lilikuwa kupita mahali wasipojulikana. Lakini hata kwa mtu asiyejali hayo, liko jambo jingine la kuzingatia: mtuhumiwa akifa, jina la mnunuzi linakufa naye. Hapana anayefurahia moto ule kama mkubwa wa genge aliyekaa dukani kwake, kwani wananchi wamemwondolea shahidi hatari kuliko wote, tena bila gharama. Wale vijana wawili walimtaja tajiri wao mbele yetu kwa sababu tu walikuwa hai.

Nchi yetu inayo historia ya wananchi kujilinda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi walipochoshwa na wezi wa ng'ombe, walianzisha Sungusungu, na ulinzi huo ukaenea mikoa mingi. Chama na Serikali viliutambua, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria ya mgambo ili ulinzi wa jadi uwe na nafasi katika sheria. Faida yake ilionekana, na makosa yake pia yalionekana pale walinzi walipojifanya mahakimu. Nguvu ya Sungusungu ilikuwa mbiu, yaani kijiji kizima kuitika mara moja na kufunga njia zote za mwizi. Nguvu hiyo ndiyo tunayoihitaji mialoni na vivukoni. Hukumu tuwaachie wenye kazi hiyo.

Wakubwa nao wasidhani kwamba wizi wa majini ni jambo la wavuvi tu. Tukumbuke Migingo, jiwe dogo ndani ya Ziwa Victoria ambalo watu wameng'ang'ania kwa ajili ya samaki. Wavuvi wa eneo lile walisumbuliwa na maharamia. Mwaka 2004 polisi wa Uganda walipiga kambi pale, na kufikia mwaka 2009 shauri lilikuwa limefika mezani kwa marais wa Kenya na Uganda. Mahali ambapo mvuvi hana wa kumlinda, hatimaye mataifa hugombana juu ya nani mwenye haki ya kumlinda.

YA KUFANYA

Kwanza tunawaambia wenye vyombo. Leseni ya chombo na namba iliyoandikwa ubavuni ni ulinzi wa kwanza, lakini rangi hufutika. Weka alama ya siri mahali unapopajua wewe na mtu mwingine mmoja unayemwamini. Andika namba ya injini katika daftari, tunza stakabadhi ya ununuzi mbali na chombo, na ikiwa una simu, piga picha za ubavu, tezi, ufa na kiraka. Ukiibiwa, toa taarifa siku ile ile, utaje alama zako zote kabla mali haijaonekana, na uhakikishe zimeandikwa katika kitabu cha taarifa cha kituo.

Pili ni vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi mialoni, ambavyo wengi huviita BMU, pamoja na serikali za vijiji na mabalozi wa nyumba kumi. Kila mwalo na kila kivuko kiwe na daftari la vyombo vinavyolala pale. Chombo kigeni kikifika, nahodha aulizwe anakotoka. Mauziano ya mtumbwi au injini yafanyike mbele ya ofisi ya kijiji, muuzaji na mnunuzi watie sahihi, na mashahidi wawili waandikwe. Mnunuzi wa halali hatapoteza chochote kwa utaratibu huo. Yule atakayekataa kuandika jina lake atakuwa amejitaja mwenyewe. Daftari la vivukoni lisitumiwe kuwanyanyasa wavushaji maskini kwa ushuru usio na risiti, kwa maana mtu akionewa na daftari atalikimbia.

Tatu ni Jeshi la Polisi na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Tunaomba kila anayekamatwa na chombo cha wizi aulizwe swali moja kabla ya mengine yote: ulikuwa unampelekea nani? Jalada lisifungwe kwa mchukuaji peke yake pale ambapo mpokeaji ametajwa. Kama mtajwa ni mtu mwenye mizani, ghala na michango ya sherehe, basi ndiyo sababu kubwa zaidi ya kumhoji, ili wananchi waone kwamba sheria haimwogopi mtu. Viongozi wenzangu wa Chama tujitazame pia. Tukipokea mchango wa mtu bila kuuliza jasho lililouzaa ni la nani, tunamjengea boma.

Nne ni Mahakama. Shahidi wa Goziba au wa kijiji cha mpakani hupoteza siku nzima za kazi na nauli ya boti kwa kila tarehe. Akifika akaambiwa kesi imeahirishwa, mara ya tatu hatarudi, na hapo mshtakiwa ameshinda bila kufungua kinywa. Mwaka 2019 Mahakama ya Tanzania ilizindua mahakama inayotembea kwa magari jijini Dar es Salaam na Mwanza, na kanuni za mwaka 2021 zimeweka utaratibu wa kuendesha mashauri kwa njia ya picha na sauti bila watu wote kuwa chumba kimoja. Mambo hayo mawili yana faida kubwa kwa watu wa visiwani kuliko kwa wa mjini. Tunashauri kesi za wizi wa vyombo zipangiwe siku mfululizo, na mashahidi wa mbali wasikilizwe kwanza.

Tano ni majirani zetu. Injini iliyovuka mpaka haijapotea, imehama ofisi tu. Tanzania ina sheria ya kubadilishana wahalifu ya mwaka 1965 na sheria ya kusaidiana katika mashauri ya jinai ya mwaka 1991, na wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki wana chombo chao cha ushirikiano tangu mwaka 1998. Katika uvuvi, Tanzania, Kenya na Uganda zilitia sahihi mkataba mjini Kisumu mwaka 1994 ulioanzisha jumuiya ya uvuvi wa Ziwa Victoria, yenye makao yake Jinja. Mikataba hiyo ni ya wakubwa, na hatua zake ni ndefu. Kinachohitajika chini ni vikao vya ujirani mwema vya mara kwa mara baina ya wilaya za mpakani, ambavyo katika ajenda zake patakuwa na orodha ya vyombo na namba za injini zilizoibwa kila upande. Orodha ya kurasa mbili inayobadilishwa Murongo kila mwezi inaweza kumsumbua mnunuzi kuliko hotuba nyingi.

HITIMISHO

Hapana hata moja kati ya mambo hayo linalohitaji fedha nyingi. Daftari, kalamu, picha, sahihi mbili na kiongozi asiyeogopa kuuliza vinatosha kuanzia. Doria ni muhimu, na askari wa majini wapewe boti na mafuta, kwani ziwa ni pana na karibu nusu yake iko Tanzania. Lakini hata doria ingekuwa na boti mia, haiwezi kumlinda mvuvi ikiwa soko la mali yake ya wizi liko wazi mchana kweupe na jirani zake wanapita hapo wakisalimiana na muuzaji.

Ndugu wa visiwani na wa kandokando ya mto, ukiletewa injini kwa bei ya kutupa, jua kwamba kuna mtu amelala njaa kwa ajili ya bei hiyo. Leo ukiinunua, kesho utalala wewe. Na ninyi ndugu zetu mlio katika ofisi za Serikali, mwananchi anayefika mbele yenu kusema ameibiwa mtumbwi anakuja mara moja tu. Akitoka mikono mitupu, mara ya pili hatakuja kwenu. Atakaa kimya, kama yule mzee wa Kyerwa, au atakwenda kutafuta dumu.